Haki ya Kukataa: Programu za Kompyuta Zilivyoacha Kuuzwa Zikawa za Kukodi

Tarehe 6 Mei 2013, katika mkutano wake wa Adobe MAX mjini Los Angeles, kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba Creative Suite, mkusanyiko wa programu zake za ubunifu, haitakuwa na toleo jingine. Toleo la sita, CS6, lililokuwa limetoka mwaka mmoja kabla, ndilo la mwisho. Tangu siku hiyo, anayetaka Photoshop mpya, Illustrator mpya au InDesign mpya hana budi kujiunga na Creative Cloud na kulipa kila mwezi au kila mwaka, na siku akiacha kulipa programu hazimfungukii. Wapiga picha, wachoraji na wapangaji wa kurasa walipiga kelele. Makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kuitaka kampuni irudishe uuzaji wa zamani. Miezi michache baadaye Adobe ikawapoza wapiga picha kwa kifurushi cha Photoshop na Lightroom cha dola 9.99 kwa mwezi, lakini uuzaji wenyewe haukurudi.

Adobe haikuwa peke yake. Microsoft ilikuwa imeanzisha Office 365 mwaka 2011. Autodesk, wenye programu ya kuchorea ya AutoCAD, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. VMware, ambayo programu zake zinaendesha seva za taasisi kubwa kwa ndogo duniani kote, ilifuata Desemba 2023, wiki chache baada ya kununuliwa na Broadcom. Kwa muda wa miaka kumi na michache, utaratibu uliodumu tangu kompyuta ndogo zilipoanza kuingia majumbani na maofisini umefutwa karibu wote.

Malalamiko ya watumiaji kuhusu mabadiliko haya ni mengi, na mengi huishia kwenye bei. Bei inauma, lakini kuna jambo kubwa kuliko bei. Mnunuzi amepokonywa haki ya kukataa: haki ya kulitazama toleo jipya, kuona halina la maana, na kuendelea na la zamani alilokwisha kulilipia. Haki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalazimisha watengenezaji kujituma. Ilipoondoka, kazi yao ikaanza kulegea na imani ya wateja ikaanza kupotea.

Leseni ilivyokuwa

Kisheria, programu za biashara kwa kawaida hazikuuzwa kama kiti au jembe. Mpaka miaka ya 1960 inaelekea kuisha, programu nyingi zilikuja pamoja na mashine bila bei yake. Juni 1969 IBM ilitangaza kuzitenganisha, na hapo biashara ya programu ikapata nafasi ya kusimama yenyewe. Februari 1976 Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwalaumu kwamba wengi wao wanaiba kazi ya Microsoft kwa kuinakili bila kulipa. Hofu hiyo ya kunakiliwa ndiyo iliyoipa leseni nguvu. Mteja analipia ruhusa ya kutumia nakala, umiliki unabaki kwa kampuni.

Hata hivyo, katika maisha ya kila siku leseni ya kudumu ilikuwa sawa na kununua. Sanduku lilikuja na diski na namba ndefu ya leseni. Ukishaiingiza namba hiyo, programu ilifunguka leo, ikafunguka kesho, ikafunguka miaka kumi baadaye hata kama kampuni iliyoitengeneza imekufa. Photoshop CS6 iliuzwa dola 699, na aliyekuwa na toleo lililotangulia aliongeza dola 199 tu. Zilikuwa fedha nyingi, ila ukishazitoa umemaliza. Aliyenunua alikuwa katika hali ya fundi cherehani aliyemaliza kulipia cherehani yake: mwenye kiwanda akileta mashine mpya, fundi ataitazama, atapima, na akiona ya zamani inatosha ataendelea kushona.

Uhuru huo ulianza kubanwa kabla ya mwaka 2013. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilimtaka mtumiaji athibitishe nakala yake kwa Microsoft, na Adobe ikafuata mtindo huo miaka miwili baadaye. Matokeo yake yalionekana mwishoni mwa mwaka 2012, Adobe ilipozima seva za kuthibitishia CS2, programu ya mwaka 2005. Wateja waliokuwa na leseni halali za kudumu wangeshindwa kuzisimika upya, ikabidi kampuni iwawekee nakala maalumu isiyohitaji uthibitisho. Kumbe hata leseni ya kudumu ilikuwa imeshaanza kutegemea seva ya mtu mwingine iendelee kuwaka.

Mahakama nazo zilisema yao. Nchini Marekani, Timothy Vernor alinunua nakala zilizotumika za AutoCAD na kuziuza eBay. Autodesk ikampinga. Mahakama ya chini ilimpa haki Vernor mwaka 2009, lakini Septemba 2010 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikapindua uamuzi. Ilisema kwamba mkataba ukitamka kuwa mtumiaji anapewa leseni, ukibana sana uhamishaji wake na ukiweka masharti mazito ya matumizi, basi aliyelipa si mmiliki wa nakala na hawezi kuiuza. Ulaya ilikwenda njia nyingine. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ikishatoa nakala kwa malipo na kwa muda usio na kikomo, imeuza, na mnunuzi anaweza kumuuzia mwingine hata kama nakala ilipakuliwa kwenye intaneti.

Tazama maneno yale ya muda usio na kikomo. Programu ya kulipiwa kila mwezi ina kikomo, kwa hiyo hata ulinzi ule wa Ulaya haumfikii anayeikodi. Mkataba wa kukodi umeimaliza hoja ya umiliki bila kampuni kuhitaji kwenda mahakamani.

Sababu za watengenezaji

Lazima tuwatendee haki wenye kampuni. Mapato ya kuuza matoleo yalipanda na kushuka vibaya. Toleo jipya likitoka fedha ziliingia kwa kishindo, kisha kukawa na kiangazi. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipopiga, mapato ya Adobe yalishuka kutoka takriban dola bilioni 3.6 mwaka 2008 hadi chini ya bilioni 3 mwaka 2009, kwa sababu wateja waliamua kungoja. Uharamia wa nakala nao ulikuwa mkubwa kweli. Na programu za siku hizi zinahitaji kurekebishwa kila mara, hasa pale yanapogundulika matundu ya usalama. Ni vigumu kuifanya kazi hiyo kwa miaka kumi kwa fedha zilizolipwa mara moja.

Wapo pia watumiaji walionufaika. Mpiga picha chipukizi asiyeweza kutoa dola 699 kwa mkupuo aliweza kutoa dola 10. Ofisi yenye kazi ya miezi mitatu ilikodi kwa miezi mitatu. Kwa watu hao kukodi kulikuwa nafuu, na kuwabeza si haki.

Kwa Adobe, haba na haba kweli ilijaza kibaba. Mapato yake ya mwaka yalipanda kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi bilioni 21.5 mwaka 2024. Kampuni nyingine ziliyatazama mafanikio hayo zikayaiga. Kosa halikuwa kuongeza njia ya kukodi pembeni ya njia ya kununua. Kosa lilikuwa kuifunga ya kununua, ili asiyetaka kukodi asiwe na pa kwenda.

Shinikizo lilivyogeuka

Wakati wa kuuza matoleo, kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili Adobe ililazimika kumshawishi upya mteja wake wa zamani. Toleo likiwa hafifu, mteja aliliruka. Mshindani mkubwa wa Photoshop mpya alikuwa Photoshop ya jana. Kampuni iliujua ushindani huo na haikuupenda: mwishoni mwa mwaka 2011 ilitangaza kwamba bei nafuu ya kupanda kwenda CS6 itawahusu wenye CS5 peke yao, wakati kabla ya hapo hata aliyeruka matoleo mawili alipata nafuu hiyo. Kelele zikawa kubwa, na wenye CS3 na CS4 wakaongezewa muda hadi mwisho wa 2012. Miezi michache baada ya muda huo kwisha, uuzaji wenyewe ulifutwa.

Chini ya mfumo wa kukodi, fedha zinaingia iwe kuna jipya au hakuna. Swali la kampuni linageuka: badala ya kutafuta cha kumvutia mteja, inatafuta cha kumzuia asiondoke. Hapo ndipo uporomokaji ulipoanzia, na dalili zake zinaonekana waziwazi.

Julai 2020 kundi la kampuni za usanifu majengo, zikiwemo Zaha Hadid Architects na Rogers Stirk Harbour, liliiandikia Autodesk barua ya wazi kuhusu Revit, programu wanayochorea majengo. Walilalamika kwamba gharama zinapanda mwaka hata mwaka huku programu yenyewe ikisonga kwa mwendo wa kobe. Hawa ni wateja wakubwa, wenye wanasheria na fedha, na hawakuwa na njia rahisi ya kuondoka kwa sababu michoro ya miradi yao yote imo ndani ya Revit. Kama wao walibaki kuandika barua, mchora ramani wa Mwanza mwenye kompyuta moja ana nguvu gani?

Mei 2019 Adobe iliwaandikia baadhi ya wateja wake wa Creative Cloud ikiwaambia kwamba matoleo fulani ya zamani hayana tena leseni, na kwamba wakiendelea kuyatumia wanaweza kudaiwa na wenye haki wengine. Watu hao walikuwa wakilipa, na walipenda toleo la zamani kwa sababu kompyuta zao hazikuliweza jipya, au kwa sababu katikati ya mradi hakuna anayebadilisha zana. Waliambiwa waachane nalo. Anayekodi hachagui hata toleo.

Juni 2024 wateja wa Adobe walifungua programu zao asubuhi wakakuta dirisha la masharti mapya. Hakikuwepo kitufe cha kukataa na kuendelea na kazi. Ilikuwa ukubali au programu isifunguke. Ndani yake mlikuwa na maneno kuhusu kampuni kuweza kuziangalia kazi za mteja kwa mashine na kwa macho ya watu, na wengi walihofia kwamba michoro yao itatumika kuifundisha akili bandia. Adobe ilikanusha, ikaeleza, kisha ikayaandika upya masharti hayo. Lakini mtu mwenye kazi ya kukabidhi saa nne asubuhi alikuwa ameshabonyeza kukubali kabla ya ufafanuzi wowote kumfikia.

Mwezi huohuo serikali ya Marekani, baada ya uchunguzi wa Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliishtaki Adobe ikidai kwamba iliwaingiza wateja kwenye mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi huku ikificha faini ya kujitoa mapema katika maandishi madogo. Adobe ilipinga madai hayo. Faini yenyewe ilikuwa nusu ya malipo yaliyobaki. Piga hesabu: kifurushi kilikuwa cha dola 59.99 kwa mwezi, mteja anajitoa baada ya mwezi wa nne, miezi minane iliyobaki ni dola 479.92, na nusu yake ni karibu dola 240. Analipa hizo ili asitumie kitu.

Microsoft nayo Januari 2025 ilipandisha bei ya kifurushi chake cha programu za ofisini cha mtu mmoja nchini Marekani kutoka dola 6.99 hadi 9.99 kwa mwezi, baada ya kukiingizia msaidizi wake wa akili bandia, Copilot. Kifurushi kisicho na Copilot, cha bei ileile ya zamani, kiliendelea kuwepo, lakini mamlaka ya ushindani ya Australia, ilipoishtaki kampuni hiyo Oktoba 2025, ilieleza kwamba mteja alikiona pale tu alipoanza hatua za kujitoa. Microsoft iliwaomba radhi wateja wake wa huko. Mteja alikuwa na haki ya kulikataa jipya, na njia ya kulikataa ilifichwa nyuma ya mlango wa kutokea.

Kazi yako inaposhikiliwa

Programu ya ofisini au ya studio huacha mali nyuma yake: faili. Miaka kumi ya nembo, vitabu, ramani na mahesabu imehifadhiwa katika mfumo ambao mara nyingi programu moja tu ndiyo inayousoma vizuri. Kwa hiyo anayekatiwa programu hapotezi zana peke yake, anafungiwa nje ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake na kulipwa na wateja wake.

Tukio la Novemba 2022 linaonyesha hali hiyo kwa karibu. Kwa miaka mingi Photoshop na Illustrator zilikuja na vitabu vya rangi vya Pantone, zile rangi zenye namba ambazo mchapishaji huzitumia ili nyekundu ya kwenye kompyuta iwe nyekundu ileile kwenye karatasi. Makubaliano ya Adobe na Pantone yalipobadilika, vitabu vingi vya rangi hizo viliondolewa. Mtu alifungua faili lake la zamani, nembo aliyoichora mwenyewe na kuichapisha mara nyingi, akakuta sehemu zenye rangi hizo zimekuwa nyeusi, na ujumbe unaomweleza kwamba ili azione tena inabidi ailipe Pantone kila mwezi. Faili lilikuwa lake, kompyuta ilikuwa yake, na hakuna alichokuwa amekigusa.

Hali ya kutegemea seva za mbali inaleta hatari nyingine. Programu za Creative Cloud hufanya kazi bila intaneti, lakini kwa muda tu: kwa kawaida mwenye mkataba wa mwaka ana siku 99 na mwenye wa mwezi ana siku 30 kabla ya kutakiwa kuunganisha na kuthibitisha. Mei 2014 mfumo wa Adobe wa kuingilia kwenye akaunti ulizimika kwa zaidi ya saa 24, na waliohitaji kuingia wakakaa mikono mitupu. Oktoba 2019, kufuatia amri ya rais wa Marekani ya vikwazo dhidi ya Venezuela, Adobe ilitangaza kwamba itafunga akaunti zote za nchi hiyo na ikawapa watu wiki chache wapakue kazi zao. Mwanzoni ilisema haitarudisha fedha, kisha ikasema itarudisha. Baadaye ilipata kibali cha serikali yake na huduma ikaendelea. Wachoraji wa Caracas hawakuwa wamevunja sharti lolote. Nakala ya CS6 yenye leseni ya kudumu isingezimwa kwa tangazo.

Kwa taasisi kubwa funzo limetoka kwa VMware. Broadcom ilikamilisha kuinunua Novemba 2023, na Desemba ikatangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu. Waliokwisha kununua leseni hizo walibaki nazo, ila huduma ya matengenezo kwa utaratibu wa zamani haikuendelezwa. Aliyetaka msaada alitakiwa aingie kwenye vifurushi vipya vya kukodi. Kampuni ya simu ya AT&T ilikwenda mahakamani mwaka 2024 ikidai kwamba inanyimwa nyongeza ya huduma iliyomo kwenye mkataba wake, na kwamba pendekezo la bei mpya lilikuwa ongezeko la asilimia 1,050. Pande mbili zilipatana mwezi Novemba mwaka huo. AT&T ina uwezo wa kushtaki. Hospitali ya wilaya au chuo cha umma chenye seva mbili hakina.

Hali ya kwetu

Afrika Mashariki mzigo huu una uzito wa ziada, kwa sababu kodi ya programu hutozwa kwa dola na mteja hupata shilingi. Januari 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160 hivi. Programu ya dola 60 kwa mwezi, bila kampuni kuongeza hata senti, ilipanda kutoka takriban shilingi 6,800 hadi 9,600. Aliyenunua leseni ya kudumu mwaka 2012 hakuiona tofauti hiyo. Aliyekodi aliibeba yote, huku wateja wake wa kadi za harusi na mabango wakitaka bei ileile ya jana. Kwa Tanzania dola hizo 60 ni karibu shilingi 150,000 kila mwezi, na kazi za ubunifu hazina mshahara: kuna mwezi wa kampeni na mwezi wa ukame. Mali bila daftari huisha bila habari, na vijana wengi waliojiunga na vifurushi vitatu au vinne kupitia kadi pepe za simu hawajawahi kukaa wakajumlisha vinakula kiasi gani kwa mwaka.

Ndiyo maana katika vyumba vingi vya kuchapia vya Kariakoo, Dar es Salaam, na vya River Road, Nairobi, kazi inaendelea kwa nakala zilizovunjwa kufuli, wanazoziita kreki. Fundi anakuja kupiga Windows, na kwenye kumbukumbu yake ya mkononi ana Photoshop, AutoCAD na Office. Wengi hutetea jambo hili kwa kusema kampuni ni tajiri. Utetezi huo haumsaidii mtu. Kreki ni njia rahisi ya virusi na programu za wizi kuingia kwenye kompyuta zenye mahesabu na picha za wateja. Pia inavunja sheria za hakimiliki za nchi zetu, hizohizo zinazomlinda mchoraji wa Kariakoo kazi yake inapoibwa. Na anayeishi kwa kreki hana haki yoyote ya kudai: hawezi kulalamika kwa mamlaka ya ushindani, wala hahesabiwi mahali popote kama mteja aliyekataa masharti mabaya. Kampuni inamhesabu kama mwizi, na inamtumia kama sababu ya kubana zaidi.

Kukataa kwa kweli kunahitaji mahali pa kwenda, na mahali papo. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, inayotumika kuhariri filamu kubwa, ina toleo la bure, na toleo lake kamili limekuwa likiuzwa mara moja kwa dola 295. Blender, programu ya uhuishaji, ilikombolewa mwaka 2002 kwa michango ya watu waliochanga euro 100,000 ili msimbo wake uwekwe wazi. Filamu ya Flow ya Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar Machi 2025. GIMP ya picha, Inkscape ya michoro na LibreOffice ya kazi za ofisini zipo, hazina malipo, na leseni zake haziwezi kubatilishwa na mnunuzi mpya wa kampuni.

Tahadhari inahitajika hata hapa. Affinity ya Uingereza, inayotengeneza programu za usanifu, ilijijengea jina kwa ahadi ya kununua mara moja, lakini ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwaka 2025 mfumo wake ukabadilishwa ikawa ya bure kwa wenye akaunti ya Canva. Bure ni nzuri, ila sera ya kampuni hubadilika pamoja na wenye kampuni. Kinga imara zaidi ni leseni huria, ambayo hakuna anayeweza kuirudisha nyuma.

Sisi wenyewe tumewahi kuonja faida ya leseni ya namna hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni iliwapa haki ya kuufungua msimbo, kuutafsiri na kuugawa. Kazi ile ilistahili kuendelezwa na serikali zetu kwa bajeti ya kudumu.

La kufanya

Vyuo vya ufundi na vya sanaa viache kufundisha ubunifu kana kwamba ni jina la bidhaa moja. Mwanafunzi afundishwe uchapaji, rangi na mpangilio wa kurasa kwa programu mbili, moja ikiwa huria, ili atoke chuoni akiwa na uwezo wa kuchagua. Ofisi za umma zinaponunua programu ziweke sharti kwenye zabuni kwamba mkataba ukiisha taarifa zote zitatoka katika mfumo wa faili ulio wazi. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zina sheria za kumlinda mlaji. Zianze kuuliza kuhusu faini za kujitoa na vifurushi vinavyofichwa, kama wenzao wa Australia na Marekani walivyouliza. Jimbo la California limeshapitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, ya kuwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Hakuna kinachozizuia nchi zetu kufanya hivyo.

Na wewe unayeishi kwa kompyuta yako, kabla hujajiunga na kifurushi chochote uliza mambo matatu: nikiacha kulipa, faili zangu zitafunguka wapi? Nikitaka kujitoa katikati, nitadaiwa kiasi gani? Bei ikipanda mwakani, nina pa kwenda? Ukikosa jibu la swali la kwanza, usiiweke kazi yako humo.

Kwa kazi ulizonazo tayari, usingoje. Tenga siku moja wiki hii, fungua kazi zako za miaka iliyopita, na kila moja uihifadhi nakala ya pili katika mfumo usiohitaji idhini ya mtu: PDF, ambayo Adobe yenyewe iliianzisha na tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa kilicho wazi, SVG kwa michoro, TIFF au PNG kwa picha, na OpenDocument kwa maandishi na mahesabu. Ziweke kwenye diski iliyo mkononi mwako, na nyingine kwa mtu unayemwamini. Ukiwa nazo, siku watakapobadilisha masharti utaweza kusema hapana.